Kibebeo si Kifungashio: Mfuko wa Plastiki Kutoka Feri ya Mtwara Hadi Soko la Lindi

Asubuhi pale Feri, Mtwara, vibua bado vinang'aa migongo. Muuzaji anapima kilo moja, anachomoa mfuko mwepesi usio na rangi kutoka kwenye bunda lililo chini ya meza, anaupuliza ufunguke, anatumbukiza samaki, anakaza fundo. Hauna mishikio. Ukimuuliza mbona anautumia wakati mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, anajibu bila kusita: "Huu siyo mfuko, ni kifungashio."

Jibu hilo utalisikia pia Chuno hapo hapo Mtwara, kwenye soko kuu la Lindi, stendi ya Masasi na kwenye magenge ya nyanya Nangurukuru. Wengi wanaolitoa hawadanganyi, wanaamini hivyo kabisa. Ndani yake mna nusu ya ukweli, na ni hiyo nusu inayowaponza watu, kwa hiyo tuichambue taratibu.

Katazo la Tanzania Bara limo kwenye kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zikatoka kwa Tangazo la Serikali Na. 394 la mwaka 2019. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa hapa hapa mkoani Lindi, alilitangaza bungeni mwezi Aprili 2019, na likaanza kutumika Juni 1 mwaka huo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa wameshatangulia tangu 2006. Kabla ya kanuni hizo, huku Bara mazungumzo yalikuwa ya unene: mfuko mwembamba mbaya, mnene ruksa. Kanuni za 2019 zikafuta hesabu hiyo. Mfuko wa kubebea uliotengenezwa kwa plastiki laini umekatazwa bila kujali unene wake, uwe na mishikio au usiwe nayo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi hawajaisikia. Kukata mishikio ya rambo hakuifanyi kuwa kitu kingine.

Adhabu zimepangwa kwa ngazi, na inafaa mfanyabiashara ajue amesimama ngazi ipi. Anayekutwa na mfuko au anayeutumia, faini ni kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Anayeuza, faini ni 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote. Anayehifadhi ghalani, kusambaza au kugawa anaruka mbali: milioni 5 hadi milioni 50, au hadi miaka 2 jela, au vyote. Anayetengeneza au kuingiza kutoka nje, milioni 20 hadi bilioni 1, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote. Tazama pengo lililopo kati ya ngazi ya pili na ya tatu. Mwenye duka la jumla anayejaza katoni tatu stoo "za kuwauzia wenye magenge" anadhani kosa lake ni la laki moja, kumbe ameshaingia kwenye mamilioni. Kwa hiyo anayepaswa kuogopa zaidi ni yule anayempelekea mama wa mchicha bunda la mifuko kwa baiskeli. Mama mwenyewe, mwenye mifuko kumi tu kwapani, yuko ngazi za chini.

Kanuni hizo hizo zina katazo la pili ambalo halisemwi sana: ni kosa kuuza vinywaji au bidhaa nyingine zilizofungwa kwa plastiki, isipokuwa pale ambapo asili ya bidhaa yenyewe inalazimu ifungwe hivyo. Halafu kuna misamaha: plastiki za kufungia bidhaa za viwandani, za huduma za afya, za ujenzi, za kilimo, za usindikaji wa vyakula, za usafi na udhibiti wa taka. Hapo ndipo neno "kifungashio" lilipopatia mlango. Baada ya mifuko ya mishikio kuondoka, vile vifuko vyeupe vya kufungia karanga na barafu vikaanza kubeba nyanya, dagaa, chapati, hata mkaa. Mwanzoni mwa 2021 serikali ikalazimika kutoa agizo jingine mahsusi, kwamba ifikapo Aprili mwaka huo vifungashio visitumike tena kama vibebeo.

Basi tofauti iko kwenye kazi. Umbo halihusiki. Kifungashio kinahifadhi bidhaa isiharibike tangu inapotengenezwa mpaka inapoliwa. Kibebeo kinaisogeza kutoka mezani kwa muuzaji hadi nyumbani kwa mnunuzi, safari ya robo saa. Ukitaka kujua unachokishika ni kipi, jiulize swali moja: nikikiondoa hiki na kuweka bidhaa kwenye kikapu, bidhaa itaharibika kabla ya kufika? Nyanya haiharibiki. Mkate wa ajemi hauharibiki. Vitunguu, viazi, sabuni, daftari, vitumbua, hakuna hata kimoja.

Korosho za kukaanga zinaharibika. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na korosho iliyokwisha kukaangwa inaunywa unyevu huo haraka. Ifunge kwenye kaki, ule mfuko wa karatasi, asubuhi, jioni imelainika, haina tena ule mlio ukiitafuna, na ikikaa siku kadhaa mafuta yake yanachacha. Kwa hiyo kina mama wanaouza korosho stendi ya Mtwara au Nangurukuru wana haki ya kutumia plastiki, kwa masharti: iwe imefungwa kwa moto pande zote na isiwe imefungwa kwa fundo, iwe na lebo ya mtengenezaji, na iwe ni plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Pakiti ya namna hiyo ni kifungashio halali. Lakini mteja akinunua pakiti kumi, za kumbebea hizo pakiti kumi si plastiki tena. Hapo ndipo wengi wanateleza, wanaanza vizuri na kumalizia kwa rambo.

Viriba navyo vinaruhusiwa, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche ya mikorosho. Hivyo ni vya kilimo. Kinachokosewa ni wakati wa kupanda. Mkulima mwenye haraka anatumbukiza mche shimoni pamoja na kiriba chake, akidhani mizizi itapasua yenyewe. Mizizi haipasui. Inazunguka ndani kama kamba kwenye kopo, na mkorosho unadumaa miaka miwili mitatu bila mtu kujua kwa nini. Mwagilia kwanza ili udongo ushikamane, chana kiriba kwa wembe toka juu hadi chini upande mmoja, kata na kitako, toa bonge la udongo zima, panda. Vipande vya plastiki uviweke kwenye ndoo uliyokuja nayo, uondoke navyo. Kiriba kilichobaki shambani kinapeperushwa mpaka kwenye malisho, na mbuzi akikimeza hakisagiki, kinajiviringa tumboni na kumnyima nafasi ya chakula.

Nikiri kwamba watu wa kusini hatuhitaji mtaalamu wa kutoka mbali kutueleza ubaya wa kufungia kitu ndani ya plastiki. Kila mkulima wa Newala, Tandahimba na Nachingwea anajua kwa nini korosho ghafi haipokelewi ikiwa kwenye salfeti, yaani gunia la plastiki, na inatakiwa iwe kwenye gunia la juti. Salfeti haipumui. Unyevu uliomo kwenye korosho unatoka kama jasho, unakosa pa kwenda, unarudi, kuvu inashika, kiini kinabadilika rangi na daraja linashuka. Somo hilo tumelilipia ghalani kwa miaka. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akitoka kwenye chama cha msingi cha ushirika, ananunua mkate wa moto na kuukubali ufungwe kwenye kifuko kinachotoa jasho lile lile.

Na samaki ni zaidi ya mkate. Rudi kwa yule muuzaji wa vibua. Vibua na jodari ni samaki wa nyama nyeusi, na nyama hiyo ikipata joto, vijidudu huigeuza sehemu yake kuwa kemikali iitwayo histamini. Ukila, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, wengine wanatapika. Ubaya wa histamini ni kwamba haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Ikishatengenezwa ndani ya samaki, imo. Kilo moja ya vibua kwenye kifuko cheupe kilichofungwa fundo, kikaning'inia kwenye usukani wa baiskeli juani kutoka Feri hadi Mangamba, ni kama umewaweka samaki kwenye kibanda cha kioo. Maji yao hayana pa kutokea, joto halina pa kutokea. Kikapu chenye majani mabichi kinachuruza maji na kupitisha upepo. Kwa hiyo hata kusingekuwa na sheria, kwa samaki kifuko kile ni chombo kibovu.

Kuhusu bahari niseme machache, kwa sababu picha za kasa zimeshaonyeshwa sana. Plastiki ya rambo ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki hugonga pwani ya Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, kisha unagawanyika, na tawi moja linapanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi, Kilwa hadi Mafia. Kifuko kinachoangushwa Mikindani hakibaki Mikindani. Kasa anakiona kama konyeza, anakimeza. Nasi tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo hayo si mambo ya nchi za watu. Nchi kavu kazi yake ni kuziba mitaro. Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Taka zinakusanyika mtaroni miezi saba ya kiangazi, halafu mvua ya kwanza kubwa inakuta kizibo kiko tayari.

Sasa tuingie kwenye mbadala, na hapa nitakaa zaidi, maana sheria bila mbadala unaofanya kazi inazaa ujanja wa chini ya meza.

Mfuko uliochukua nafasi ya rambo ni ule wa rangi rangi unaofanana na kitambaa. Ieleweke kwamba huo nao ni plastiki. Ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto bila kufumwa, ndugu wa salfeti. Uliruhusiwa kwa sababu haukutengenezwa kwa plastiki ile laini inayokatazwa, na kwa sababu unatarajiwa kutumika mara nyingi. Ili utumike mara nyingi lazima uwe mzito, ndiyo maana Shirika la Viwango, TBS, linataka usipungue gramu 70 kwa mita moja ya mraba, uonyeshe uwezo wake wa kubeba na anwani ya mtengenezaji, na uweze kurejelezwa. Sokoni imejaa mingine miepesi kuliko hapo. Ukiuelekeza kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Huo unachanika siku ya kwanza, unatupwa, na tumerudi tulikotoka, safari hii kwa bei kubwa zaidi.

Mwenye duka anaweza kuukagua mwenyewe kabla ya kulipia bunda. Anachohitaji ni rula, mkasi na mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Chukua mfuko mmoja wa sampuli, kata vipande kumi vya mraba wa sentimita 10 kwa 10, uviweke vyote pamoja kwenye mzani. Vipande kumi hivyo ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba, kwa hiyo mfuko wa gramu 70 lazima usome gramu 7. Ukisoma 4, umepewa mfuko wa gramu 40. Kama muuzaji wa jumla hataki uukate, pima mifuko kumi mizima. Mfuko bapa wa sentimita 35 kwa 40, pande zake mbili zina eneo la mita za mraba 0.28, ambazo kwa gramu 70 ni gramu 19.6, bado hujahesabu mishikio. Mifuko kumi ikisoma chini ya gramu 196, mwambie mwenye mali aibebe.

Uzito peke yake hautoshi. Angalia mshikio ulivyoshikizwa. Mingi imegandishwa kwa joto, unaona alama ya vitone vitone mahali mshikio unapokutana na mfuko. Mashine ikizidisha moto, vile vitone vinakuwa matundu, na mfuko unachanika kwa mstari ule ule kama stempu. Tia kilo 5 za unga, uinue na kuushusha ghafla mara kumi. Ukipona hapo, nunua. Na usiuanike juani mchana kutwa. Jua la kwetu linaula, baada ya muda unaanza kupukutika unga unga, na huo unga ni plastiki iliyosagika.

Mimi nikiulizwa, kwa vitu vikavu naupendelea mfuko wa nguo ulioshonwa na fundi wa mtaani. Nguo ya marekani ile isiyopaushwa, au kitenge kizito, vyote vinafaa. Yadi moja ya nguo yenye upana wa sentimita 115 inatoa mifuko 3 na kubakiza kipande chembamba tu. Kata vipande vitatu vya upana wa sentimita 38 na urefu wa 84. Kila kipande kikunje katikati kwa urefu, mkunjo ndio kitako, kwa hiyo chini hakuna mshono wa kufumuka. Pembeni unaacha sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, juu unakunja sentimita 2 za pindo. Unabaki na mfuko wa 35 kwa 40, saizi ile ile ya dukani. Mishikio usiikate kwenye nguo hiyo, haitatosha. Nunua mkanda wa begi kwa mita, kila mfuko unahitaji mikanda miwili ya sentimita 55, yaani mita 3.3 kwa mifuko yote mitatu. Mkanda uingie ndani ya mfuko sentimita 4, ushonwe mraba kisha msalaba katikati ya mraba. Mafundi wenye haraka wanapitisha mstari mmoja tu wa cherehani, na huo mstari mmoja ndio unaokatika ukiwa umebeba sukari katikati ya barabara.

Kaki ni nzuri kwa unga, maharage, dagaa wakavu na vitafunwa, mradi muuzaji aelewe adui yake ni maji. Zinazotengenezwa nyumbani hugandishwa kwa uji wa unga wa ngano, na huo uji ni chakula cha mende. Ziwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Jambo moja nalisema kwa mkazo: karatasi za mifuko ya saruji zisifungie chakula hata zikikung'utwa vipi. Vumbi la saruji linabaki kwenye mikunjo, na likikutana na unyevu linachoma.

Kwa samaki, mboga za majani na vitu vinavyochuruza, sioni kinachoshinda kikapu na pakacha, na bahati nzuri malighafi yake tunaikanyaga. Pakacha la kubebea kilo tatu au nne linasukwa kwa dakika chache na mtu aliyezoea. Unachukua kuti bichi lililokomaa, unakata kipande cha katikati cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, unapasua uti wake kwa urefu, unaukunja kuwa duara na kuufunga ncha. Majani yananing'inia, unayasuka kwa mshazari, moja juu moja chini, mpaka kina kikutoshe, kisha mikia yake unaisuka pamoja kuziba kitako. Likiwa bichi linavumilia. Likikauka linavunjika, basi ndio mwisho wake, linakwenda jikoni au shimoni na kuoza. Muuzaji wa samaki akiwa na mtu wa kumsukia ishirini kila alfajiri, shida ya mnunuzi aliyekuja mikono mitupu imekwisha.

Kikapu cha ukindu ni cha kudumu. Ukili unasukwa mrefu, kisha unashonwa ukingo kwa ukingo kwa kuzungusha. Unapochagua, usitazame nakshi kwanza. Kigeuze uone chini. Kamba ya mshikio iliyoshonewa ukingoni tu itang'oka. Ile inayoshuka ubavuni, ikapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili ndiyo inayobeba mzigo, na kikapu chenyewe kinakuwa kazi yake ni kuzuia tu vitu visimwagike. Kikishabeba samaki kisuuzwe kwanza kwa maji baridi, au ya bahari kama upo ufukoni. Ukianza na maji ya moto, damu na ute vinaganda ndani ya ukili na harufu haitoki tena. Baada ya hapo sabuni, ndimu, suuza, tundika penye upepo na kivuli. Kikikaa kimelowa kinashika kuvu, kikikaa juani siku nzima ukindu unakatika.

Migahawani mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya moto na mchuzi. Chipsi zikimiminwa kwenye kifuko zinatoka na mvuke wake, mvuke unageuka maji, na mteja anafika nyumbani na viazi vilivyolowa. Karatasi safi isiyo na maandishi, tabaka mbili, mdomo ukiachwa wazi kidogo mvuke utoke, inatoa chipsi bora kuliko plastiki yoyote. Magazeti na karatasi za mitihani hapana, mafuta ya moto yanayeyusha wino na unaingia kwenye chakula. Ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya huku kusini, ambayo nayo ilizoea vifuko vyeupe pamoja na pilipili yake, inakaa vizuri kwenye jani la mgomba. Jani lipitishwe kwanza juu ya moto, libabuliwe mpaka libadilike rangi na kulegea, la sivyo litapasuka ukilikunja. Toa ule uti wa katikati, weka vipande viwili vikipishana, kunja, funga kwa utepe wa jani hilo hilo.

Supu ya pweza, uji, maziwa na maharage yenye mchuzi havina njia ya mkato. Ni chombo cha mteja, au chombo cha mgahawa chenye amana. Amana inafanya kazi ikiwa ni kubwa kuliko thamani ya chombo kwa mwenye kukichukua. Kopo la shilingi 1,000 likiwekewa amana ya 500, makopo hayatarudi. Mafuta ya kula ya kupima nayo yamekuwa yakifungwa kwenye vifuko vidogo vya fundo. Hapo chupa ya mteja inatosha, ila muuzaji ainuse kabla ya kumimina, kwa kuwa chupa iliyowahi kubeba mafuta ya taa haisafishiki.

Kwa wanaovuka Ruvuma, iwe kwa kivuko cha Kilambo au Daraja la Umoja pale Mtambaswala: mfuko uliopewa dukani upande wa Msumbiji hauhalalishwi na risiti yake. Ukifika huku ni mfuko uliokatazwa, unatakiwa uusalimishe mpakani. Vile vifuko vya zipu vya kuwekea dawa na sabuni safarini vinavumiliwa mradi visitoke mikononi mwa msafiri na kuachwa nchini.

Na ukaguzi ukija dukani, mkaguzi awe wa halmashauri au wa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara, mwombe kitambulisho na umwombe ataje kosa ni la ngazi ipi kati ya zile nilizozitaja juu. Kama kuna malipo, ni ya serikali, na malipo ya serikali yana kumbukumbu namba na risiti. Fedha ya mkononi isiyo na risiti haikulindi, maana kesho anakuja mwingine na kosa liko pale pale.

Limebaki jambo moja ambalo limewafanya wanunuzi wengi waache kubeba vyombo vyao: mzani. Mteja analeta ndoo au kikapu, muuzaji anaweka samaki ndani na kupima vyote pamoja, na mteja analipia kikapu kwa bei ya jodari. Ndoo ndogo yenye mfuniko inaweza kuwa na gramu 300, karibu theluthi ya kilo. Akidhulumiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu atakuja mikono mitupu na kudai kifuko. Kwa mzani wa kidijitali, weka chombo kitupu kwanza, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ngoja usome 0, ndipo uweke samaki. Chombo kikiondolewa mzani utaonyesha namba yenye alama ya kutoa. Usishtuke, ni uzito wa chombo, na lazima urudishe sifuri tena kabla ya mteja anayefuata, la sivyo utampunja au utajipunja. Kwa mzani wa saa wa kuning'iniza, pima chombo kitupu mbele ya mteja, sema uzito wake kwa sauti, uuandike kwa chaki ubaoni, kisha pima kilichojaa na utoe. Wateja wa kila siku wanaweza kuandikiwa uzito huo kwa rangi isiyofutika kwenye kitako cha ndoo zao: gramu 280, gramu 310. Kesho yake hakuna haja ya kupima mara mbili, foleni inakwenda, na bunda lililo chini ya meza linabaki bila mtu wa kuliulizia.